Sura ya 6: Bezi Ambayo Kaseti Haikutupa

Santuri ilifika Kahama ikiwa imeviringishwa ndani ya vitenge viwili, katikati ya sanduku la nguo, na dada yangu akaitoa taratibu kama mtu anayemshusha mtoto mgongoni. Alikuwa amerudi likizo kutoka Uingereza, kwenye mji wa Bath anakosoma. Jirani na chumba chake kuna duka la mitumba linalouza vikombe, makoti, vitabu na masanduku ya santuri zilizoachwa na watu waliohama au waliofariki. Siku moja ya mvua aliingia humo kujikinga, akaanza kupekua, na kidole chake kikasimama kwenye jina analolijua.

"Hii si ile ya kaka?" aliniuliza.

Ilikuwa ile ya kaka. Jalada lilikuwa limelika pembeni, lakini maandishi yalisomeka vizuri: Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila, Songs for the Poor Man, lebo ya Real World, 1989. Nilikaa nayo mapajani nisijue la kusema. Nyimbo hizi nilizijua kwa moyo kwa zaidi ya miaka thelathini, na siku zote hizo sikuwahi kufikiri kwamba zina jalada.

Kwetu hazikuwa na jalada kwa sababu zilikuja kwenye kaseti. Kaka yangu mkubwa aliondoka nyumbani mwaka 1991 kwenda Nyarugusu, upande wa Geita, akiwa na miaka kumi na tisa. Wakati huo pamba ilikuwa imekwisha kuwakatisha tamaa vijana wa rika lake, na dhahabu ilikuwa inaita. Serikali ilikuwa imelegeza mkono, Benki Kuu ikinunua dhahabu ya wachimbaji wadogo bila maswali mengi, na watu wakamiminika Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu, na kwa upande wetu wa Kahama, Bulyanhulu. Mtu alikuwa akishuka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, kwa kamba na tochi iliyofungwa kichwani kwa mpira, anagonga mwamba siku nzima, jioni anahesabu mifuko ya mgao wake. Kaka aliporudi Krismasi ya mwaka uliofuata alikuja na baiskeli mpya, blanketi la mama, na redio kaseti ya spika mbili, kubwa kiasi kwamba aliifunga kwenye keria ya baiskeli kama mtu anayesafirisha mbuzi.

Ndani ya redio mlikuwa na kaseti moja tu. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino: REMI.

Kaka alikuwa ameinunua machimboni kwa kijana aliyekuwa na banda la kurekodi, na kijana huyo naye aliirekodi kutoka kwenye kaseti iliyotoka Mwanza, nayo ya Mwanza bila shaka ilikuwa na mama yake Dar es Salaam. Kila kaseti ilipozaa kaseti nyingine, kitu kilibaki njiani. Kwanza ziliondoka sauti nyembamba za juu, zile zinazofanya gitaa ling'ae. Mvumo ukaingia mahali pake, kama mvua inayonyesha kwenye bati la nyumba ya pili. Bezi ndiyo iliyopata hasara kubwa kuliko zote, maana hata kama ingefika salama, spika za redio ile zilikuwa ndogo kama sahani ya chai, na spika ndogo haina pumzi ya kusukuma sauti nene. Tulikuwa tunasikia sauti ya Remmy, gitaa la solo na upatu wa dramu. Vingine tulivijaza wenyewe kwa vichwa vyetu na kwa miguu.

Tena zilikuwepo betri. Zilipochoka, injini ya redio ilichoka nazo, na Remmy akaanza kuimba taratibu, kwa sauti nzito, kama mzee aliyeamshwa usingizini. Tuliziondoa, tukazianika juu ya bati mpaka jua limezipa nguvu kidogo, tukarudisha, naye akarudi kuwa kijana. Kwa hiyo nilikua nikiwajua akina Remmy wawili, wa mchana na wa jioni. Nilimpenda zaidi wa jioni. Sasa najua kwamba huyo hakuwahi kuwepo.

Watu wa umri wangu waliokulia Marekani na Ulaya wana albamu zao za miaka ileile. Nirvana walitoa Nevermind Septemba 1991, na muziki wa namna hiyo ukaitwa roki mbadala, kwa maana ulizaliwa nje ya mlango ambao redio na makampuni makubwa yalikuwa yameuzoea. Vijana waliovaa mashati ya mistari na kupiga kelele chumbani sasa wana miaka hamsini na kitu, nao wanazinunua upya albamu zile kwenye santuri, wanakaa chini, wanasikiliza upande mzima bila kuinuka. Wako wengi kiasi kwamba mwaka 2020 santuri ziliingiza fedha nyingi kuliko CD nchini Marekani kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 80. Nilipozisoma habari zao niliwaelewa mara moja. Sisi pia tulikuwa na mbadala wetu, ila hatukuuita hivyo.

Ili kuuona umbadala wake inabidi kukumbuka muziki wa dansi wa Tanzania ulivyokuwa umepangwa. Bendi kubwa zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz, iliyokuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilikuwa ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana, na jeshi, polisi na JKT walikuwa na bendi zao. Mpangilio huo ulitupa muziki ambao sitaacha kuupenda mpaka kufa. Mwanamuziki alikuwa na mshahara, vyombo na mahali pa kufanyia mazoezi, na nyimbo zilirekodiwa Redio Tanzania na kusikika nchi nzima siku ileile, kuanzia Newala mpaka Ngara. Lakini anayelishwa na taasisi huongea kwa adabu ya nyumba ile. Aliweza kuimba juu ya mapenzi, msiba, mume mlevi, au kulisifu taifa. Juu ya njaa ya mtu fulani na shibe ya mtu fulani, ilibidi azunguke kwa mafumbo.

Super Matimila haikuwa ya shirika. Vyombo vilikuwa vya mtu binafsi, na aliyesimama mbele hakuwa hata na malezi ya mfumo ule. Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 Kindu, Kongo, akafiwa na baba akiwa mdogo, akafiwa na mama kabla hajawa mtu mzima, akazunguka na bendi huku na huko mpaka mjomba wake, Mzee Makassy, alipomwita Dar es Salaam mwaka 1978 aje kwenye Orchestra Makassy. Baadaye akaenda Matimila. Aliuita mtindo wake Ubongo, kwa kuwa alitaka muziki unaosikilizwa kwa kichwa kwanza na kuchezwa baadaye. Nywele zake zilikuwa ndefu na za kusokotana wakati ambapo hakuna mzazi wa Kahama aliyetaka kuziona kwenye kichwa cha mwanawe. Kiswahili chake kilibaki na lafudhi ya Maniema, na hakuona haya nayo. Kwenye albamu yake ya 1992 wimbo mmoja umeandikwa Inchi Yetu, hivyohivyo kama wanavyotamka kwao.

Usukumani alipokelewa kwa urahisi ambao nadhani una sababu yake. Kwetu, mtu anayeitwa ningi, yule mtungaji na kiongozi wa ngoma, hatarajiwi kufurahisha tu. Wakati wa mashindano ya Bagika na Bagalu, baada ya mavuno, ningi husimama mbele ya umati akasema yanayowakera watu, akamtaja mchoyo, akamkejeli mkubwa aliyevimba kichwa, na watu husogea upande wake kadiri maneno yake yanavyowachoma. Mtafiti wa Kimarekani Frank Gunderson alikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma kwa miaka mingi, akatoa kitabu kinene mwaka 2010, na kila ukurasa wake unaonyesha jambo hilo: jembe linakwenda, bugobogobo inapigwa, na katikati ya kazi kuna mtu anayezungumza mambo ya nchi. Kwa hiyo mzee wa Kisukuma aliyemsikia Remmy akiongea kati ya ubeti na ubeti, akiwaeleza watu, akiwauliza, hakushangaa. Baba yangu, ambaye hakupenda magitaa, alisikiliza kaseti ile mara moja mpaka mwisho, akasema: "Huyu ni ningi. Ila amesuka vibaya nywele."

Upande wa pili wa kaseti ndio uliotuletea ugomvi nyumbani. Huko kulikuwa na Mambo kwa Soksi, wimbo wa mwaka 1990 unaowahimiza watu kutumia kondomu. Redio Tanzania ilikataa kuupiga. Hilo halikuuzuia kufika machimboni. Uliingia kwa kaseti, ukapigwa kwenye vilabu vya pombe na kwenye mabanda ya mama ntilie, na vijana waliotoka kwenye maduara na fedha mkononi waliuimba kwa sauti kuu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na Kagera ni jirani wa Geita. Kufikia mwanzo wa miaka ya 90 kila mtu machimboni alikuwa amezika rafiki, na kila mtu alitaja ugonjwa ule kwa kunong'ona. Remmy hakunong'ona. Mama alipoelewa soksi ni nini aliizima redio, akaificha kaseti chini ya pipa la mtama kwa wiki mbili. Kaka aliniambia miaka mingi baadaye kwamba kati ya vijana sita waliolala naye banda moja Nyarugusu, wawili walimwambia wazi kuwa wimbo ule ndio uliowafanya wajihadhari. Wote wawili wako hai.

Sasa, nilipoigeuza santuri kusoma majina ya nyimbo, nilitafuta Mambo kwa Soksi na sikuuona. Haumo. Nikasoma tena. Nilichokuwa nakiita albamu maisha yangu yote kilikuwa mkusanyiko wa kijana mmoja wa banda la kurekodi, aliyechukua santuri ya Ulaya akaipanga upande mmoja, halafu akajaza upande wa pili kwa nyimbo alizoona zinawafaa wateja wake. Simlaumu hata kidogo. Alijua watu wake. Alifanya kazi ya mtangazaji ambayo redio ya taifa ilikuwa imeikataa.

Gramafoni ilikuwepo, ya marehemu baba mdogo, aliyekuwa mwalimu. Ilikaa juu ya kabati tangu 1988 ikiwa imefunikwa kitambaa cha kudarizi. Niliipeleka kwa fundi redio mmoja karibu na stendi ya zamani, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na alipoifungua alitabasamu kama aliyekutana na mtu wa kwao. Mkanda unaozungusha sahani ulikuwa umeyeyuka ukawa lami. Akakata mwingine kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Tukajaribu, na wimbo ukaanza kupanda na kushuka kama mtu aliyelewa, kwa sababu tyubu ina unene usiolingana na kila sehemu nene ilipopita kwenye roda, sahani ilijivuta. Ikabidi tuagize mkanda halisi na sindano mpya kutoka Dar es Salaam, vikaja kwa basi kama kifurushi.

Mara ya pili mwendo ulikuwa sawa lakini sauti ilikuwa nyembamba mno, kama ya nzi kwenye chupa. Hapo ndipo mzee aliponifundisha jambo ambalo sikulijua. Bezi ikikatwa kwenye santuri jinsi ilivyo, mfereji utayumba kwa upana mkubwa sana, nyimbo hazitaenea na sindano itaruka. Kwa hiyo wanaokata santuri huipunguza bezi makusudi na kuzikuza sauti nyembamba, na kanuni hiyo imekuwa moja duniani tangu miaka ya 50. Mashine ya kusikilizia ndiyo inayopaswa kugeuza hesabu: kuirudishia bezi ukubwa wake na kuzishusha zile nyembamba. Gramafoni ya baba mdogo ilifanya hivyo ndani yake, ila sehemu hiyo ilikuwa imeungua. Mzee alikaa nayo siku nne, akabadilisha vipuri vitatu, akanipigia simu saa mbili usiku.

"Mwanangu," alisema, "njoo usikie nchi inavyotingishika."

Sikuisikiliza kwake. Niliibeba nyumbani, nikafunga madirisha kwa ajili ya vumbi, maana vumbi la Kahama ni jekundu na laini kama unga na hukaa kwenye mifereji ya santuri kuliko kwenye viatu. Nikaifuta santuri kwa kitambaa cha miwani. Nikaweka sindano.

Jambo la kwanza lilikuwa kimya. Kati ya mlio mdogo wa sindano na noti ya kwanza kulikuwa na nafasi tupu, na kwenye kaseti yetu hapakuwahi kuwa na nafasi tupu, siku zote mvua ile ilikuwa inanyesha. Kisha magitaa yakaingia, nikasikia kwamba ni zaidi ya moja. Najua inaonekana jambo dogo. Muziki wetu wa dansi umejengwa kwa mpangilio huo: solo linaongoza, la pili linalijibu, rithimu linashona, bezi linabeba. Kwenye kaseti yote hayo yalikuwa yamegandana yakawa kamba moja. Kwenye spika mbili kubwa kamba ilifumuka. Niliweza kufuata uzi mmoja tangu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho, kisha nikarudisha sindano nikafuata mwingine. Kwenye Kipenda Roho nilifanya hivyo mara nne, na kila mara nilipata wimbo tofauti.

Halafu bezi. Sina namna nzuri ya kuieleza zaidi ya kusema kwamba ilibadilisha maana ya nyimbo. Sauti ya Remmy ni kavu, ina mikwaruzo, na kwenye kaseti ilisimama peke yake juu ya mlio mwembamba, hivyo alisikika kama mtu anayelalamika. Nilikua nikiamini kwamba Nasikitika na Sauti ya Mnyonge ni vilio. Chini yake sasa kulikuwa na bezi nene, tulivu, isiyo na haraka, inayotembea kama mtu anayejua anakokwenda, na juu ya mwendo huo sauti ileile haikuwa ya kulalamika tena. Ilikuwa ya mtu aliyesimama imara, anayedai. Maneno hayakubadilika hata moja. Lakini mnyonge anayeungwa mkono na bendi nzima si mnyonge niliyemsikia utotoni, na niliona haya kidogo kwamba kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimemhurumia mtu ambaye hakuwa ameomba huruma.

Umeme ulikatika katikati ya upande wa pili. Sahani haikusimama ghafla. Ilipunguza mwendo, na sauti ya Remmy ikazama taratibu, ikawa nzito, ikawa ya mzee aliyeamshwa usingizini. Nilikaa gizani nikamsikiliza mpaka alipokwisha. Alikuwa yule wa jioni.

Albamu hii ilirekodiwa Box, kijiji kilicho kilomita kama nane kutoka Bath, kwenye studio za Real World. Mwanamuziki wa Kiingereza Peter Gabriel aliianzisha lebo hiyo mwaka 1989 pamoja na watu wa tamasha la WOMAD, ambalo Super Matimila walikuwa wamealikwa kupiga mwaka mmoja kabla. Miaka mitatu baadaye walirudi wakatoa Mambo, na humo Remmy aliimba nyimbo kadhaa kwa Kiingereza, ukiwemo No Money, No Life. Wapo wanaoipenda zaidi. Mimi naona kwamba Kiingereza kilimnyang'anya silaha. Remmy wa Kiswahili anaweza kuchukua methali ya kila mtu akaipindua mbele ya macho yako. Remmy wa Kiingereza anasema neno lilelile kwa kunyooka, kama mtu anayeongea na mgeni. Lakini wimbo ule wa fedha ulipendwa sana huku, na sishangai. Hata asiyejua Kiingereza alijua maneno yale manne yanasema nini.

Jina la albamu ya kwanza linawataja maskini, na maskini hawakuiona santuri yenyewe. Hapa nchini hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Za bendi zetu zilichapwa Nairobi, na kufikia mwisho wa miaka ya 80 hata huko kazi hiyo ilikuwa inakufa. Santuri ya Remmy iliuzwa kwa watu wa Ulaya waliokuwa na hamu ya muziki wa mbali. Iliyotufikia sisi ni kivuli chake. Nafikiri juu ya hilo ninapopita Kakola, kwenye mgodi wa Bulyanhulu. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, mwaka 2000 mgodi mkubwa ukafunguliwa Geita, mwaka 2001 ukafunguliwa wa Bulyanhulu, na vijana kama kaka yangu wakahamia pembeni, kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kusagwa, na mawe yaliyobaki. Waliendelea kusikiliza kaseti. Sauti ya Mnyonge ilipigwa kando ya uzio. Hakuna aliyehitaji kuelezwa ulikuwa unamhusu nani.

Remmy alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, akiwa ameokoka na anaimba nyimbo za Injili. Huko Sinza, jijini humo, kituo cha daladala bado kinaitwa Kwa Remmy.

Mwezi mmoja baada ya kuisikiliza santuri nyumbani, niliipeleka Katoro. Kaka anaishi huko siku hizi, ana karasha lake la kusagia mawe na watoto watano, na katika mji ule wa Geita unaokua usiku na mchana anahesabiwa miongoni mwa wazee. Nilipita njia ya Kakola, gramafoni ikiwa imefungwa kwenye godoro la sponji, santuri mapajani. Nilimkuta amekaa kibarazani.

"Shikamoo kaka."

Hakuitika. Nikasogea, nikarudia kwa sauti, akageuka. "Marahaba, mdogo wangu! Mwadila! Mbona unakuja kama mwizi?"

Masikio ya kaka yamechoka. Alianza na baruti ndani ya maduara, akamalizia na karasha, miaka kumi na minne ya mawe yakisagwa kwa chuma hatua tano kutoka kichwani pake. Daktari alimweleza kwamba sauti nyembamba ndizo zinazoondoka kwanza. Haisikii simu ikiita. Hasikii ndege. Mjukuu wake wa kike akimwita, anaona mdomo unavyofunguka. Nilikuwa nalijua hilo, na njiani nilijiuliza kama nilichokuwa nakifanya ni zawadi au ukatili, kumpelekea muziki mtu ambaye nusu ya muziki imekwisha kumwacha.

Nilipanga spika sebuleni, nikampa jalada alishike. Aliliangalia muda mrefu. Aligusa maandishi kwa kidole gumba.

"Kumbe alikuwa na nguo," alisema.

Nikaweka sindano. Magitaa yakaanza, nikamtazama usoni, na uso wake haukusema kitu. Alikuwa amekunja paji, ameinamisha kichwa upande wa sikio la kulia, kama mtu anayesikiliza hodi ya mbali. Kisha bezi ikaingia. Kaka akainua kichwa. Akainuka kwenye kiti, akaenda mpaka kwenye spika, akapiga magoti, akaweka kiganja chake juu ya ubao.

"Huyu alikuwa wapi?" aliuliza.

"Alikuwemo, kaka. Kaseti yetu ndiyo haikumbeba."

Alikaa pale chini, mkono kwenye spika, macho yamefumbwa, akitikisa kichwa polepole. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaingia. Mke wake alitoka jikoni, akasimama mlangoni na mwiko mkononi, hakusema neno. Ndipo ng'ambo ya barabara vijana wakamaliza chakula cha mchana wakawasha karasha. Mlio ulijaa nyumba nzima, vikombe vikacheza kabatini, na mimi nikaupoteza wimbo kabisa. Niliona tu santuri inazunguka na sindano inasogea ndani.

Kaka hakuupoteza. Kiganja chake kilibaki juu ya spika, na kidole cha shahada cha mkono wa pili kilikuwa kinagonga goti lake, taratibu, bila kukosea. Nilikitazama kidole kile. Kiliposimama, nikajua upande umekwisha, nikainuka kuigeuza santuri.